Na Mimi Niko Wapi? Hotuba kuhusu kupima filamu nyeusi-nyeupe zenye kasi

Maneno haya niliyasema Dodoma, jioni ya mwezi wa Juni, mbele ya vijana wapiga picha waliorudi kwenye filamu. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka, pamoja na hesabu nilizoziweka ubaoni jioni ile.

Mbukwenyi, ndugu zangu! Wazee mliokaa mbele, shikamooni. Wengine wote, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumze juu ya filamu za nyeusi na nyeupe zenye kasi, yaani zinazoandika picha kwa mwanga mdogo, zile ambazo boksi lake linasema 1600 au 3200, na namna ya kuzipima kabla hujazikabidhi kazi ya watu. Nimefurahi kuombwa. Nawaona vijana wa hapa mjini, wa chuoni na wa mitaani, wanavyookoa kamera za zamani kutoka makabatini kwa wajomba zao. Wanatafuta mkanda mmoja miezi mitatu, wanaulipia fedha nyingi, kisha wanauingiza kwenye kamera, wanaweka namba ya boksi na kwenda kupiga harusi ya dada. Hapo ndipo moyo unaniuma, kwa sababu nami nilifanya hivyo hivyo, na aliyelipia ni mtu mwingine.

Mwaka 1996 nilikuwa kijana wa kazi katika studio moja ya hapa Dodoma. Kazi zetu zilikuwa paspoti, harusi, vipaimara na mahafali. Siku moja wakaja ndugu wawili kutoka upande wa Mvumi. Baba yao alikuwa mpiga zeze, mzee wa miaka mingi, na walitaka apigwe picha nyumbani kwake, jioni, zeze likiwa mikononi. Sharti lilikuwa moja: bila flashi. Mzee alisema ule mwanga wa ghafla unamkata wimbo.

Pale studio kulikuwa na mikanda mitatu ya T-Max P3200 ya Kodak, imeletwa na mtu kutoka Nairobi. Sikuwa nimeigusa filamu ile hata siku moja. Nilizozijua ni za 400, HP5 na Tri-X. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: 3200 ni mara nane ya 400, yaani hatua tatu, maana kila hatua moja ni mwanga kuzidi mara mbili au kupungua nusu. Mahali ambapo filamu ya 400 ingenitaka nifungue tundu la lenzi hadi f/2 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) na kuacha shata wazi 1/8 ya sekunde, huyu mgeni angenipa 1/60. Mkono unaweza kushika kamera kwa 1/60. Nikapanda gari nikaenda.

Tembe mnaijua. Paa bapa la udongo, kuta nene, mlango mfupi, na vitundu vidogo ambavyo jua likishaelekea kuzama havikupi kitu. Mzee alikaa kwenye kigoda, shuka jeupe begani, kibatari chini karibu na goti lake. Nilipiga mkanda mzima. Alipiga zeze mpaka nikasahau kama niko kazini.

Filamu niliisafisha mwenyewe kwa dawa ya D-76, nikachagua fremu nzuri, nikaikuza. Shuka lilitoka. Kibuyu cha zeze kikatoka, upinde na nyuzi zake. Meno yalitoka. Uso haukutoka. Palikuwa na giza lenye umbo la kichwa. Nilijaribu karatasi laini, nikajaribu kumpunguzia mwanga chini ya mashine ya kukuzia, nikapata kijivu kichafu chenye chembe kama mchanga. Siku ya kupeleka picha, mzee aliigeuza kuelekea mlangoni apate mwanga, akaitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, zeze nimeliona. Na mimi niko wapi?"

Swali lile lilinichukua miezi miwili kulijibu. Jibu lake ndilo hotuba yangu ya leo.

Tuandike hesabu ubaoni. Mita yangu ya mwanga niliielekeza kwa mzee mzima, kutoka mlangoni. Mita haijui mtu. Kila inachokiona inakidhania kuwa ni kijivu cha kati. Iliona shuka jeupe na mwali wa kibatari, ikajumlisha, ikanipa wastani. Uso wake ulikuwa hatua mbili chini ya wastani huo. Hizo ni mbili. Sasa tuje kwenye filamu. Karatasi ya maelezo ya Kodak yenyewe inasema kasi ya P3200 ni 1000 ukiisafisha kwa dawa ya T-Max, na 800 ukitumia dawa zao nyingine za nyeusi na nyeupe. Dawa yetu ilikuwa D-76, kwa hiyo 800. Kutoka 3200 hadi 800 ni hatua mbili nyingine. Jumla nne. Na hatua nne chini ya wastani wa mita ndipo filamu inapofikia ukingo wake. Chini ya hapo hakuna kitu. Uso wa mzee niliuweka ukingoni, na kila mkunjo uliokuwa na giza kidogo kuliko shavu ulidondoka.

Watengenezaji hawakuficha. Ile P mbele ya 3200 inasimama badala ya neno la Kiingereza la kusukuma, yaani filamu imetengenezwa ivumilie kusukumwa kwenye dawa, kuachwa humo kupita dakika zake za kawaida. Delta 3200 ya Ilford, iliyotoka mwaka 1998, ni hivyo hivyo: karatasi yake inaandika wazi kwamba kasi yake ya ISO, kipimo cha kimataifa, ni 1000. Namba ya boksi ni pendekezo la matumizi. Kasi ni kitu kingine. Mimi sikuisoma karatasi. Wengi wetu hatuisomi, tunaitupa na boksi.

Kasi hasa ni nini? Mwaka 1890 mabwana wawili waliofanya kazi katika viwanda vya kemikali huko Widnes, Uingereza, Ferdinand Hurter na Vero Driffield, walichapisha kazi yao ya kupima uhusiano wa mwanga unaoingia na weusi unaotokea, maana kwenye negativu, yaani filamu iliyosafishwa, palipopigwa na mwanga ndipo panapokuwa peusi. Walichora ule mstari uliopinda ambao mpaka leo kila karatasi ya filamu inauonyesha: unaanza ukiwa umelala chini, unainuka taratibu, unapanda moja kwa moja, halafu unachoka juu. Kasi ya filamu hutafutwa kule chini kabisa, mahali mstari unapoanza kuamka. Kanuni ya ISO inasema: tafuta pale ambapo weusi wa negativu umezidi weusi wa filamu tupu kwa 0.10. Kipimo hicho cha 0.10 ni kidogo sana, ni weusi unaozuia karibu sehemu moja tu kati ya tano za mwanga. Ukiiweka negativu ya namna hiyo juu ya gazeti unasoma herufi zote. Kwa hiyo namba ya kasi inazungumzia vivuli. Inasema kivuli cha mwisho kitaandikwa kwa mwanga kiasi gani. Ndiyo maana ukikosea kasi, anayeumia wa kwanza ni aliye kivulini.

Na namba zenyewe zimewahi kuhama bila filamu kuhama. Wajerumani walikuwa na DIN yao tangu 1934, Wamarekani wakawa na ASA. Mwaka 1960 Wamarekani waliondoa akiba ya usalama iliyokuwa imewekwa ndani ya hesabu yao, ile ya kumlinda mpigaji asikose mwanga. Filamu nyingi za nyeusi na nyeupe zikaongezeka namba karibu mara mbili. Tri-X iliyoingia kwenye mkanda wa milimita 35 mwaka 1954 ikiitwa 200 ikawa 400, hali filamu ni ile ile. Mwaka 1974 ndipo ASA na DIN zikaunganishwa kuwa ISO. Nawaambia haya kwa sababu vijana mnaiheshimu namba kana kwamba imechorwa kwenye mwamba wa Kolo, kule Kondoa. Namba ni makubaliano ya watu, waliyoyafanya kwa dawa fulani, kwa nyuzi fulani za joto, kwa mwanga wa mchana.

Sasa kuna neno la kusukuma filamu, ambalo limeharibu picha nyingi kuliko vumbi la Dodoma. Ndani ya filamu kuna chembe za chumvi za fedha. Chembe ikipigwa na mwanga wa kutosha hujenga kijidonge cha atomu chache za fedha, nne hivi, na hicho ndicho dawa inachokishika na kuigeuza chembe nzima kuwa nyeusi. Filamu yenye kasi ina chembe kubwa, kwa sababu kubwa ina nafasi zaidi ya kupigwa, kama vile sinia linavyokusanya mvua kuliko kikombe. Delta na T-Max zina chembe bapa kama chapati, ziwe na uso mpana bila unene. Sasa, chembe ambayo haikupigwa haina kijidonge. Unaweza kuiacha kwenye dawa kutwa nzima. Dawa itazidi kuikoza ile iliyopigwa, shuka litakuwa jeupe kupita kiasi, mwali utatoboa karatasi, na mwishowe chembe tupu nazo zitaanza kuwa nyeusi ovyo bila picha yoyote, huo ndio ukungu. Uso ambao haukuandikwa hautaandikwa na dawa. Kusukuma kunainua cha kati na cha juu. Kuna siku unahitaji hivyo, mfano mchezo wa mpira chini ya taa, ambapo giza la jukwaani halikuhusu. Lakini kwa mtu mwenye ngozi yetu, ndani ya nyumba, usiku, kivuli ndiyo picha yenyewe. Ngozi zetu nyingi zinakaa hatua moja chini ya kijivu cha mita, nyingine hatua mbili. Mpiga picha asiyeijua kasi halisi ya filamu yake anatusogeza ukingoni bila kujua.

Basi tupime. Kipimo nitakachowaonyesha ni cha zamani, kinatokana na mfumo wa kanda, wa kugawa giza na mwanga wa picha kwa hatua, ambao wapiga picha Ansel Adams na Fred Archer waliupanga huko Marekani kuelekea 1940. Unapiga kitu kimoja chenye mwanga sawa, unafunga hatua nne chini ya alichosema mita, na unauliza: je, weusi wa 0.10 umepatikana? Kama haukupatikana, kasi uliyoweka ni kubwa mno. Unashuka.

Mara ya kwanza nilitaka kuwa mjanja. Juni jua linapita kaskazini yetu, ukuta wa kusini wa nyumba uko kivulini kutwa nzima, na anga la Dodoma wakati huu halina wingu. Nikasema hapo ndipo penye mwanga usiobadilika. Nikaweka 3200 kwenye mita, nikapima ukuta, nikafunga hatua nne. Nikajikuta natakiwa f/16 na shata ya 1/8000 ya sekunde. Kamera yangu mwisho wake ni 1/1000. Filamu hii haipimwi nje mchana, ndugu zangu. Imetengenezwa kwa ajili ya giza na giza ndiyo maabara yake.

Nikarudi ndani. Nilitundika shuka jeupe dirishani, nikavuta pazia mpaka mita iliyowekwa 3200 inisomee f/2 kwa 1/125 kwenye ukuta wa chokaa. Nilichagua mwanga wa dirisha kwa sababu taa ya umeme ya wakati ule ilipanda na kushuka kadiri jirani alivyowasha pasi. Na ninyi wa leo taa zenu nyingi za LED zinapepesa, shata ya haraka inaweza kukamata pepeso la giza. Saa sita mchana, dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, pazia limetulia: huo ni mwanga wa kuaminika. Pima kabla ya kila fremu hata hivyo.

Kamera inakaa kwenye stendi karibu na ukuta hadi ukuta ujaze fremu yote. Fokasi ya lenzi unaiweka mbali kabisa, ukuta usionekane vizuri, maana hatutaki nyufa zake, tunataka weusi tu. Fremu ya kwanza kabisa unapiga ukiwa umefunika lenzi. Hiyo fremu tupu iwekeni kama mboni ya jicho, nitairudia. Kisha shata usiiguse tena, ibaki 1/125, kwa sababu shata za kamera za zamani kila namba ina uongo wake na hatutaki uongo mwingi kwa wakati mmoja. Unacheza na tundu la lenzi peke yake. f/8 ndiyo hatua nne chini ya f/2, hiyo ni 3200. Kila hatua unayofungua ni sawa na kuiita filamu nusu ya kasi ile: f/5.6 inakuwa 1600. f/4 ni 800. f/2.8 ni 400. Katikati ya kila mbili piga nusu hatua, upate 2200, 1100, 550. Andika kwenye daftari palepale, kwa kalamu, namba ya fremu na tundu. Kumbukumbu ya kichwa haitoshi. Nimeshapoteza mkanda mzima kwa kuamini kichwa.

Mkanda uliobaki usiuache mtupu. Mwite mtu akae karibu na dirisha hilo hilo, mwenye ngozi nyeusi, avae nguo nyeupe, umpige kwa kila kasi. Ukuta utakupa namba, huyo atakupa maana ya namba.

Unasafisha kama utakavyosafisha siku zote: dawa ile ile, nyuzi zile zile, kutikisa kule kule. Filamu ikikauka unahitaji kupima weusi. Chombo rasmi cha kazi hiyo, densitomita, sijawahi kukimiliki, wala hamkihitaji. Weusi wa 0.30 ni hatua moja kamili. Kwa hiyo 0.10 ni theluthi ya hatua. Na kamera zenu nyingi za dijitali zinahesabu kwa theluthi! Weka negativu juu ya kioo chenye mwanga sawa, hata tableti yenye skrini nyeupe inafaa ukiinyanyua negativu kidogo isishike vidoti vya skrini. Ziba mwanga wote wa pembeni kwa karatasi nyeusi. Elekeza kamera kwenye fremu tupu, soma. Hamia fremu ya 3200, soma. Hakuna tofauti? Filamu haikuona kitu. Hamia 1600, 1100, 800. Fremu ya kwanza inayoitaka kamera iongeze theluthi moja kulinganisha na ile tupu, hiyo ndiyo kasi yako. Yako wewe, kwa kamera yako, mita yako, dawa yako na maji yako.

Mimi nilitoka na 800. Karatasi ya Kodak ilikuwa imeniambia bure.

Mwezi wa Agosti nilirudi Mvumi kwa nauli yangu. Mzee alikubali kukaa tena. Safari hii niliweka mita 800, nikaisogeza hadi shavuni kwake, nikapima shavu peke yake, nikafunga hatua moja ili weusi wa ngozi yake ubaki weusi. Ikatoka f/2 kwa 1/8 ya sekunde. Angalieni: 1/8, shata ile ile niliyokuwa nimeikimbia kwa kununua ndoto ya 3200. Nikaiweka kamera kwenye stendi, nikamwomba mzee kila akifika mwisho wa mstari wa wimbo aushikilie upinde pale juu kidogo bila kutikisika. Alilielewa haraka, mwanamuziki anajua kunyamaza. Fremu tano zilitoka zimetulia. Safari hii uso ulikuja wote: mikunjo ya paji, kovu dogo juu ya nyusi, na jicho la kushoto lenye mtoto wa jicho likishika nukta ya mwali. Aliitazama picha, akampa mkewe, mkewe akasema jambo kwa Kigogo wakacheka wote wawili. Sikulielewa, na sikuuliza.

Hiyo ni nusu ya kupima. Nusu ya pili ni dakika za dawa. Mwanga unaamua kivuli, dawa inaamua weupe. Ukishaipata kasi, piga ukuta ule ule ukiwa umefungua hatua tatu juu ya mita, na angalia kwenye kioo: fremu hiyo iwe na weusi wa hatua nne na kidogo zaidi kuliko fremu tupu, yaani 1.25 hivi. Ikizidi, punguza dakika, ikipungua, ongeza. Filamu yenye kasi ukiisafisha kwa kiasi, chembe zake zinakuwa za kupendeza, kama kitambaa cha katani. Ukiipika, zinakuwa kokoto.

Na hapa Dodoma inatuingilia moja kwa moja. Karatasi nyingi zinasema nyuzi 20. Juni asubuhi maji ya bomba kwangu yanakaribia hapo yenyewe. Novemba mchana nimepima bomba lile lile nikapata 27. Ukisafisha kwa dakika za karatasi kwenye joto hilo umesukuma filamu bila kukusudia. Kawaida, kila nyuzi moja ikizidi unapunguza karibu sehemu moja ya kumi: dakika 10 za nyuzi 20 huwa karibu 7 kwa nyuzi 24. Zaidi ya 24 mimi sipendi kwenda, dakika zinakuwa chache mno na dawa haisambai sawasawa. Usishuke chini ya dakika tano. Njia yangu ni mtungi. Mtungi wa udongo kivulini, upepo unapita, na hewa ya kwetu jinsi ilivyo kavu, maji yanapoa kwa jasho la mtungi lenyewe. Nachotea dawa humo, na tangi la kusafishia nalisimamisha kwenye beseni la maji hayo hayo. Nimeutumia mtungi miaka zaidi ya ishirini. Barafu nayo inafaa, ila inashusha kwa kasi halafu inapanda, unakimbizana na kipimajoto.

Maji yetu mengi yana chumvi, tazama tu sufuria ya chai. Yanaosha filamu vizuri, lakini yakikaukia juu yake yanaacha madoa meupe. Suuza la mwisho fanya kwa maji ya mvua uliyoyachuja na kuyatunza, au maji ya betri, yale yasiyo na asidi. Na kausha bafuni baada ya kumwaga maji sakafuni, vumbi litulie. Hilo la vumbi mnalijua.

Turudi kwenye fremu tupu. Ile fremu ni shahidi wa maisha ya filamu yako kabla hujaipata. Filamu yenye kasi inaona kila kitu, hata usichotaka ione. Joto linaiwekea ukungu. Mionzi ya kawaida ya dunia inaiwekea ukungu polepole hata ndani ya friji, kwa hiyo ya 3200 inazeeka haraka kuliko ya 100. Mashine za eksirei za uwanja wa ndege zinaiwekea ukungu, na zile mpya zinazozungusha mionzi kama za hospitali ni hatari zaidi. Mtu akikuletea filamu kutoka ng'ambo mwambie aiombee ikaguliwe kwa mkono, iwe kwenye mfuko mwangavu, nje ya begi. Ikifika usiiache kwenye dashibodi ya basi kutoka Dar. Ukungu ukipanda, kivuli kinazama ndani yake, na kasi yako inashuka. Kwa hiyo filamu ya shehena mpya, au iliyopitwa na tarehe, ipime upya. P3200 yenyewe ilisimamishwa mwaka 2012 ikarudi 2018. Ukiuziwa mkanda wa kabla ya kusimama, huo ni wa kupima mara mbili.

Mambo mawili ya haraka. Kasi uliyoipata dirishani itashuka kidogo chini ya kibatari au balbu ya njano, kwa sababu mwanga ule ni mwekundu na filamu haiuoni sawasawa na mita. Pima tena kwa taa utakayotumia. Na shata ikivuka sekunde moja, filamu inachoka: kwa HP5 Plus, sekunde 10 za mita zinataka karibu 20, na Delta 3200 haiko mbali na hapo.

Kuna binti ameniuliza kabla ya kuanza kuhusu kusafisha kwa kahawa. Ni kweli, mwanangu. Darasa la chuo kimoja cha Rochester, Marekani, lilifanya hivyo mwaka 1995: kahawa ya unga ya kuyeyuka, soda ya kufulia, na baadaye watu wakaongeza vitamini C. Africafé inafanya kazi hiyo, nimeijaribu kwenye filamu ya 100 na picha nimezipenda. Ila kwenye filamu ya kasi inaleta ukungu mwingi isipozuiwa kwa bromidi ya potasiamu. Na ukitumia magadi ya sokoni badala ya soda safi, fahamu magadi ni mchanganyiko, kila fungu na nguvu yake. Fungu jipya, kipimo kipya. Usiwapige watu wa msiba kwa kahawa ambayo hujaipima.

Najua mnachofikiria, nimekiona kwenye nyuso: mkanda ni ghali, wewe mzee unatuambia tuuchome ukutani. Fremu za ukuta ni nane. Zilizobaki ni za yule mliyemkalisha dirishani, na hizo ni picha. Tena mnaweza kugawana: watu watano, shehena moja, dawa moja, mkanda mmoja wa kupimia. Kila mmoja baadaye arekebishe kwa shata yake.

Nimekuja na mkanda mmoja wa Delta 3200, shuka jeupe na stendi. Jua limezama, kwa hiyo dirisha limetutoka, lakini nimeleta kibatari changu, na tumesema hivi punde kwamba nacho kina kipimo chake. Mzee wangu pale mbele amekubali kukaa. Amevaa kanzu nyeupe, Mungu ambariki. Aliye karibu na swichi azime taa. Binti wa kahawa, shika daftari, andika: fremu ya kwanza, lenzi imefunikwa.